Bi Mwanaidi Alirudi Kufagia

Mtu akiwaambia bibi yenu anazeeka vibaya, mwambieni aje anikabili mimi. Haya niliyaona kwa macho yangu, hapa hapa Bagamoyo, liwali wa Seyyid akingali ndiye anayehukumu, Wadachi hawajashika boma.

Jirani yetu, Bi Mwanaidi, alikutwa asubuhi chumbani kwake, amenyongwa. Kaka yangu Mshamu wakamtia minyororo papo hapo, kwa kuwa jana yake walitukanana juu ya mbuzi. Aliyepiga kelele kuliko wote ni Feruzi, mtoto wa marehemu. "Muueni huyo mshenzi! Mimi nimelala Mbegani. Ningekuwapo angenijua!"

Lakini mimi nilikuwa nimezunguka nyuma ya nyumba kabla watu hawajajaa. Usiku mvua ilinyesha. Chini ya dirisha, kwenye mchanga mbichi, palikuwa na unyayo mmoja wa kushoto, hauna kidole gumba. Nani asiyejua kidole cha Feruzi kilikwenda na shoka? Nikaufunika kwa kawa la chakula, kama tunavyofunika unyayo wa mwizi wa kuku, nikatuma neno kwa liwali aje auone mwenyewe. Nikakaa kuulinda. Ukifutika ule, kaka yangu amekwisha.

Jua la utosi, wanaume wamekwenda kuzika, akatokea mwanamke na ufagio, kaniki imemfunika uso. Matangani wanawake hufagia, sikushtuka.

"Shikamoo, mama."

Akafagia mpaka miguuni pangu.

"Inua kawa, mwanangu, nimalize."

"Hapo hapafagiwi."

"Uwanja wangu haujapata kulala mchafu."

Wangu? Nikatazama alikotoka. Nyayo zangu zilijaa kila mahali. Yeye hakuacha hata alama ya kidole. Upepo ukamfunua kaniki. Wallahi, harufu ya karafuu maiti ikanijaa puani, na shingoni mwake nikaona vidole vilipomkaba. Sasa niambieni, si saa ileile walikuwa wakimteremsha kaburini?

"Bi Mwanaidi," nikasema, "amekuua, nawe wamfichia?"

"Nimemzaa mimi. Nihurumie."

"Na Mshamu kazaliwa na paka?"

Nikalikumbatia lile kawa, nikafumba macho. Akalia. Kilio hakina pumzi ndani yake, niaminini, hamjasikia. Nilipofumbua, hayupo.

Liwali akaja. Askari wakamshika Feruzi mguu, wakaukandamiza kando ya ule unyayo. Pacha. Akaanguka kifudifudi akimwita mama yake, mimi nikageuka nisitazame dirishani.

Mshamu akafunguliwa. Feruzi akapelekwa Unguja na minyororo, hakurudi.

Tangu hapo mvua ikinyesha usiku, asubuhi naukuta uwanja wangu umefagiwa, hauna unyayo hata wa kuku. Bado anautafuta. Basi nyinyi, mkisikia ufagio nje kabla ya adhana, msifungue mlango. Akiwaita "mwanangu", msiitike. Mimi nimezaa, nimezika, na siku hizi nikimsikia karibu nitoke nimsaidie.