Uzi Mkavu

Shangazi yangu ni fundi cherehani, na mtaa mzima unamwita Mama Vifungo. Mkono wake wa kulia ulipoanza kutetemeka, aliuficha chini ya kitambaa akijifanya anapima, mpaka wateja wakaanza kuulizana mbona mishono yake inakwenda upande. Tulimwambia mficha maradhi kifo humuumbua. Akajibu kwamba hajasikia mtu aliyekufa kwa kutetemeka. Ni mkaidi, na sitamsafisha kwa kuwa ni damu yangu.

Kutunga uzi kwenye sindano ikawa kazi ya mumewe, dereva wa lori mstaafu mwenye vidole vinene. Alikaa kando ya cherehani tangu asubuhi, miwani puani, akingoja kuitwa. Tangu aache usukani, sikuwahi kumwona ana raha namna ile.

Dawa zilipogonga mwamba, hospitali ikamweleza tiba mpya: fuvu linatobolewa, waya mwembamba unapitishwa ubongoni, na umeme kidogo unatuliza mtetemo. Mgonjwa anakuwa macho, ili daktari aone mkono unavyoitikia. Shangazi alitaka kitu kimoja tu, kutunga uzi mwenyewe. Daktari akakubali kumpima kwa hicho hicho.

Siku ya siku, kama alivyotusimulia, kichwa kimebanwa, umeme ukawashwa, akapewa sindano na uzi. Akakosa. Akarudia, akakosa tena. Daktari akasema waya haujakaa mahali pake, itabidi usogezwe.

"Mwanangu, usiguse kitu," shangazi akamwambia. "Mkono umetulia. Mate ndiyo sina. Tangu jana mmeninyima maji, uzi nitaulambaje?"

Muuguzi akamlowesha midomo kwa pamba. Akaulamba uzi, ukapita. Chumba kizima kikacheka, akalia yeye peke yake. Baadaye walimshonea betri chini ya ngozi ya kifua. Aliukagua mshono kwenye kioo, akasema aliyeushona bado mwanafunzi.

Aliporudi nyumbani, mumewe alikuwa ameshasogeza kiti chake pale pale, miwani puani. Shangazi akakata uzi, akaishika sindano, mkono umetulia tuli. Nilisimama mlangoni nikingoja kumwona akitunga, maana ndicho alichotobolewa kichwa. Akamtazama mzee kwa muda, kisha akamnyooshea vyote viwili.

"Nitungie, baba watoto. Macho yangu leo hayaoni vizuri."

Mzee akaupokea uzi, akaulamba.