Nilivyojifunza Dramu kwa Mguu wa Cherehani

Mpigaji dramu wa kanisa letu alipata kazi Hola, akaondoka. Jumapili tatu kwaya iliimba kwa kinanda peke yake, na mwalimu wa kwaya akatangaza kwamba yeyote anayejua dramu ajitokeze. Hakujitokeza mtu. Mimi pia sikujitokeza, kwa sababu sikuwa najua.

Mimi ni fundi wa nguo hapa Garsen. Nina kibanda karibu na soko la mifugo, cherehani moja ya kukanyaga, mume, na umri wa miaka hamsini na mmoja. Kilichonipeleka kwenye dramu ni panya. Walitoboa kitambaa cha kuzifunikia, na kwa kuwa kitambaa hicho nilikishona mimi, nikaitwa kupima kingine. Nilipokuwa nazungusha futi nikaona pedeli chini. Nikaikanyaga. Dramu kubwa ikasema du. Nikawaza kwamba nimekanyaga pedeli miaka thelathini, kwa hiyo nusu ya kazi hii naijua.

Haikuwa hivyo. Cherehani inataka mguu usisimame. Dramu inataka mguu ukanyage, usubiri, ndipo ukanyage tena. Mguu wangu haukuwa umewahi kuambiwa usubiri.

Mchungaji aliniruhusu kujaribu Jumanne na Alhamisi saa nane mchana, wakati jua limewaingiza watu wote ndani. Siku nyingine nilijifunzia kibandani. Nilijaza vipande vya vitambaa kwenye gunia la unga, nikalikaza kwa kamba, nikawa nalipiga kwa vijiti viwili alivyonichongea seremala jirani yangu. Simu niliiegemeza kwenye kopo la vifungo. Humo mlikuwa na mwalimu mwenye ndevu aliyesema hii ni rahisi sana. Alisema hivyo kila alipoanza jambo jipya, nami nikajifunza kuyaogopa maneno hayo.

Mkono wa kulia ulikubali siku ya kwanza. Wa kushoto ulichukua wiki mbili. Mguu ulikataa, nikaamua kuufundisha kazini: nakanyaga mara tatu, ya nne nasimama. Nilishona sketi nzima ya shule kwa mtindo huo. Baada ya siku mbili mama mwenye sketi akairudisha.

"Fundi, huu mshono una mafundo."

"Ni pale niliposimama kuhesabu," nikamwambia.

"Kuhesabu nini?"

Nikamweleza habari za dramu. Akasikiliza mpaka mwisho, kisha akaniomba nimshonee upya bila hesabu.

Sasa, kila asubuhi hupita kwangu mama mmoja Muorma anayeuza maziwa. Akimaliza mzunguko wake hukaa kwenye benchi langu apumzike. Alinisikiliza nikipiga gunia mwezi mzima. Siku moja akauliza, "Fundi, nani anakufukuza?"

"Hakuna."

"Mbona unakimbia?"

Nikasema sikimbii. Akachukua kibuyu chake, kilichobaki na maziwa kidogo, akakilaza mapajani, akaanza kukitikisa kama mtu anayetafuta siagi. Hakufanya haraka. Kazi hiyo haina njia ya mkato. Mwenye pupa huchoka kabla siagi haijatoka.

"Fuata hii," akasema.

Nikafuata. Nikampita. Hakunigombeza, alinitazama tu akaendelea kutikisa vilevile, nami nikalazimika kurudi nyuma kumngoja. Nilimpita mara nne asubuhi ile. Mara ya tano mguu ukasubiri. Nilishtuka hata nikaangusha kijiti kimoja.

Tuliendelea hivyo karibu kila siku mpaka mvua zikaanza. Yeye ni Mwislamu, kanisani hana shughuli, lakini alitaka kujua Jumapili yangu ya kupiga ni lini.

Ilipofika, nilianza vizuri. Ubeti wa kwanza ulikwenda sawa. Kwenye kiitikio nikainua macho, nikamwona mume wangu benchi la tatu, amekaa kama mtu anayengoja kuitwa na daktari. Nikaongeza mwendo bila kujua. Kwaya ikanifuata, kwa sababu kwaya yetu ni watu watiifu. Wimbo wa beti tano ukaisha wakati wazee wawili wa nyuma wakiwa bado ubeti wa tatu. Mchungaji akasema tumepata muda wa ziada, akauongeza kwenye mahubiri.

Nyumbani nikamuuliza mume wangu amesikiaje.

"Nimesikia dramu," akasema.

"Na wimbo?"

"Wimbo ulipita."

Nililia kidogo jikoni, si sana, kisha nikasonga ugali.

Kesho yake mama wa maziwa akauliza ilikuwaje. Nikamwambia nilikimbia. Akasema alijua, akakilaza kibuyu mapajani.

Kwaya ilikaa kikao. Uamuzi ulikuwa niendelee, lakini kwa nyimbo za polepole tu, na mwalimu wa kwaya asimame mahali ninapoweza kumwona, mume wangu akae mahali nisipoweza. Aliukubali uamuzi huo bila kinyongo. Kwa mpango huo nimepiga hadi leo. Najua midundo mitatu.

Mwaka jana nikaalikwa harusini, kijiji kimoja cha mtoni ambako hawakuwa na mpigaji. Dramu tulizipakia kwenye mtumbwi, kubwa katikati, mimi nyuma nimeyashika matoazi yasipige kelele. Mama wa bibi harusi alinipokea, akauliza naweza nyimbo gani za kuingilia. Nikamtajia ule mmoja ninaouweza. Akasema huo ndio alioutaka.

Nikaupiga kwa mwendo wangu. Bibi harusi akafuata mwendo huo, hatua, kusimama, hatua. Kanisa lenyewe si refu, lakini alichukua muda mwingi kufika mbele. Nikaona bwana harusi anabadilisha mguu wa kusimamia. Kijana wa kinanda akaninong'oneza, "Mama, ongeza kidogo." Sikuongeza. Nilikuwa naogopa nikiongeza sitaweza kupunguza.

Baada ya chakula nilimtafuta mama wa bibi harusi nimwombe radhi. Nilimkuta anafunika sufuria.

"Nilimchelewesha binti yako," nikasema.

"Nilitaka kumtazama," akajibu. "Nimemtazama vizuri."

Akaniongezea wali.