Piko la Ndevu Mikononi mwa Bibi Harusi

"Inatangazwa kwa watu wote wa Kiswere, wake kwa waume, kwamba benchi la baraza limepakwa rangi ya kijani. Ni marufuku kulikalia mpaka rangi hiyo ikauke, kwa kuwa huharibu nguo."

Tarishi anakunja karatasi na kuelekea mtaa wa pili. Ni asubuhi ya Alhamisi, mwaka 1954. Nyuma ya ua wa makuti, katika nyumba itakayoozesha kesho, hakuna aliyemsikiliza. Humo ndani kuna rangi nyingine, na hiyo haijatangazwa na mtu.

Mwahija binti Yunusu, mpaka hina, amekaa mkekani na chelewa, kijiti cha ukuti kilichochongwa, mkononi. Mbele yake yapo mabakuli mawili. La kwanza lina hina iliyolowekwa kwa ndimu. La pili lina piko, unga mweusi wa kopo ambao wazee hununua dukani kufichia mvi za ndevu. Kopo hili limeletwa na mjomba wa bibi harusi, Mfaume, ambaye ndevu zake zinafika kifuani na ambaye, kama desturi ilivyo, ndiye mnunuzi wa mahitaji yote ya harusi.

Ua umejaa wanawake. Wanaimba, wanapiga makofi, na kila mmoja ana rai yake kuhusu ua linalochorwa.

"Somo, nitie weusi kama wa Samia," anasema bibi harusi, Kidawa. "Usiniletee wekundu wa kizamani nikafanana na bibi yangu."

"Bibi yako aliolewa na wekundu huohuo, na babu yako hakudai arudishiwe mahari yake," anajibu Mwahija.

Wanacheka mpaka wimbo unapotea.

Samia, jirani yao, aliolewa mwezi wa Rajabu. Weusi wa mikono yake ulisifiwa hadi Lindi. Kisichosifiwa ni malengelenge yaliyozuka baadaye, yakifuata michoro ua kwa ua. Dresa wa zahanati alisema ni piko. Majirani walisema ni husuda, na maelezo yao yalipendwa zaidi, kwa kuwa hayakumtaka mtu aache chochote. Hadi leo Samia hawezi kusuka ukili bila kujikuna.

Mwahija ndiye aliyemchora.

"Tangu siku ile nalikataa piko," anasema. "Lakini nikikataa, wanamwita mwingine. Wiki mbili sijaitwa nyumba yoyote. Na mimi nina watoto, wanakula kwa hina hiihii."

Leo amekubali nusu: hina viganjani, piko kwenye kifundo cha mkono wa kushoto tu. Kisha anaifunga mikono ya mwali kwa majani ya mbono na vitambaa. Mwali hutakiwa kukaa kimya mpaka afunguliwe. Akihisi joto, wakubwa hufurahi, kwani wanaamini rangi imekamata. Kwa hina, imani hiyo haikuwahi kumdhuru mtu.

Kabla ya adhuhuri Kidawa anaanza kuuma midomo.

"Shangazi, panachoma."

"Imekamata!" anapaza sauti shangazi yake, Sada, na vigelegele vinapasua hewa. "Vumilia, mwanangu. Ndio utu uzima huo."

"Panachoma kama upupu, shangazi! Kama kidole changu siku ile ya Samia!"

Mwahija anageuka. "Kidole gani?"

"Nilijipaka kidogo, somo. Kikawasha wiki nzima. Niliogopa kusema."

Mwahija anasukuma chetezo cha ubani kando na kung'ata fundo la kitambaa.

"Unamfungua mwali kabla ya wakati?" anamaka Sada. "Unataka kutia nuksi harusi ya watu?"

"Nuksi nitaibeba mie! Leteni maji! Na sabuni ya mche, upesi!"

Kifundo kimefura, chekundu. Sada anakitazama mara moja, kisha yeye ndiye wa kwanza kukimbilia kisimani. Ndoo zinapokezanwa, khanga zinalowa, mtu anateleza kwenye matope na kuinuka akiwa bado anaimba. Hadi alasiri uvimbe umeacha kuongezeka. Viganja, vilivyopakwa hina tupu, vimekolea wekundu.

"Nimekuwa bibi yangu," anasema Kidawa, akivitazama.

"Alikuwa mzuri, basi," anajibu Sada. Hajamsamehe Mwahija, ila amemwekea pilau ya kubeba.

Kidawa aliolewa Ijumaa, kifundo kikiwa chini ya bangili. Jumamosi Mwahija alimchukua Samia kwa mkono, wakaenda mbele ya Kamati ya Usafi wa Soko. Samia alionyesha makovu.

"Sitaki mengi," Mwahija anasema ndivyo alivyowaambia. "Piko lisiuzwe kwa ajili ya maarusi. Na mwali akisema panachoma, asikilizwe. Wakinisaidia hapo, nitarudi kupaka hina yangu bila kuogopa mkono wa mtu."

Kamati ilikutana kwenye benchi la kijani, ambalo lilikuwa limekauka, ikatafakari hadi adhuhuri. Tarishi amelisoma tangazo leo, mitaa yote miwili: kuanzia sasa, piko litauzwa kwa mwanamume mwenye ndevu tu, na ndevu hizo zithibitishwe na mwenye duka kwa macho yake. Za mjomba Mfaume bado zinafika kifuani.