Siku Nilipomshika Awino Mkono

Mnisamehe kwanza kwa mwandiko huu. Niliishia darasa la nane, na ninaandika polepole, kwa hivyo herufi zangu zinalala huku na huku na makosa hayatakosa. Mbele za watu huwa sisemi sana. Lakini kazi yangu imekwisha, na dada wawili wanaoingia mahali pangu wameniuliza ilikuwaje. Mdomo ulikuwa mzito, nikawaambia nitaandika.

Siku ya kwanza niliajiriwa kupika uji. Chekechea yetu iko mtaa wa Nyalenda: vyumba viwili vya mabati, na nje mapipa ya maji. Mwalimu Mkuu, ambaye wote tulimwita Madam, alionja uji wangu, akaonja tena.

"Hauna madonge," akasema. "Ukimaliza kuosha vikombe, ingia darasani. Kaa nyuma, uokote penseli zikianguka."

Penseli zilianguka siku nzima. Nilidhani watoto ni watundu. Madam akanionyesha kwamba hawakuwa watundu, vidole vyao vilikuwa bado havijapata nguvu. Mtoto mdogo hushika penseli kwa ngumi nzima, kama anayeshika mwiko. Lazima ajifunze kubana, yaani kushika kitu kwa ncha ya kidole gumba na ya kidole cha shahada, na kidole cha kati kikisaidia kwa chini. Kubana hakufundishwi kwa maneno. Kwa hivyo hesabu zetu zilikuwa za mikono. Watoto waliokota vifuniko vya soda kimoja kimoja na kuvipanga kumi kumi. Walibana vibanio vya nguo kwenye kadi: kadi ya nne, vibanio vinne. Walitunga shanga kwenye uzi, mbili nyekundu, moja nyeupe, wakihesabu kwa sauti. Chaki tuliivunja vipande vifupi makusudi, kwa sababu kipande kifupi hakishikiki kwa ngumi.

"Namba ianze kwenye vidole," Madam alikuwa akisema. "Kichwani itafika yenyewe."

Wazazi hawakupenda. Walitaka kuona vitabu vimeandikwa. Aliyesema wazi ni Mama Awino, muuza omena, wale dagaa wa ziwani.

"We dada, mtoto wangu anakuja hapa kuokota vifuniko? Si hata kwa jalala viko!" Wamama wengine wakacheka. "Awino anaingia Gredi ya Kwanza. Nionyeshe kitabu. Ama mnafundisha uchuuzi wa soda?"

Nilitazama chini.

Muhula huo Madam alifiwa na dada yake, akaenda nyumbani wiki mbili, akaniachia darasa. Siku ya wazazi ilikuwa inakaribia. Niliwaza sauti ya Mama Awino, nikaogopa. Nikamkalisha Awino mbele yangu, nikafunika mkono wake kwa mkono wangu, nikauendesha. Moja mpaka kumi, kurasa nane. Mkono wake ulikuwa mlegevu ndani ya wangu, kama kitambaa. Kitabu kilipendeza sana. Mama yake alikizungusha ploti nzima, mlango kwa mlango, nami nilipewa omena gorogoro moja, mkebe umejaa. Nikala.

Halafu mama yake akampeleka Awino shule moja huko Kaloleni kwa mtihani wa kuingia. Mwalimu wa pale alimpa karatasi, akamwambia aandike tatu. Awino alishika penseli, akanyoosha mkono juu ya meza, akangoja.

"Andika, mama," mwalimu akamwambia mtoto.

"Nishike," Awino akajibu.

Mwalimu akafungua kile kitabu, akamtazama Mama Awino. "Mama, hiki ni cha nani?"

Waliambiwa warudi baada ya wiki tatu, kabla ya orodha kufungwa. Akishindwa tena, atakaa nyumbani mwaka mzima. Mama Awino alikuja moja kwa moja chekechea. Safari hii hakutania. Aliweka kitabu mbele yangu na kusema, "Umenifanya mwongo mbele ya watu." Akaondoka.

Madam aliporudi kesho yake nilimweleza yote. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Ulimwandikia Awino, ama ulijiandikia wewe?"

"Nilijiandikia mimi, Madam."

"Basi nenda ukamwombe mama yake msamaha. Na usimguse tena mtoto huyo mkono."

Nilienda jioni hiyohiyo. Mama Awino alikuwa amemwaga omena kwenye turubai, anachambua. Hakuniambia niketi. Nilisema samahani, sauti ikatoka ndogo, nikarudia. Hapo ndipo nilipomwona Awino. Alikuwa amechuchumaa upande wa pili, akitoa changarawe na makombe madogo kati ya omena. Gumba na shahada, anabana, anatupa, anabana, anatupa. Hakukosea hata mara moja.

"Mama," nikasema, "tazama vidole vyake."

"Navitazama kila siku. Kwani vina nini?"

"Ndivyo vinavyoshika penseli."

Akasukuma kigoda kwa mguu. "Haya, keti. Kama unajua kuchambua."

Wiki tatu nilienda kila jioni. Awino alipanga changarawe tano tano. Baadaye babu yake akatoa ubao wake wa ajua, yaani bao la kete, tukacheza, Awino akigawa kete moja moja kwenye mashimo na kuhesabu. Alipochoka na kete nilimpa kipande cha chaki, kifupi kama punje ya hindi, aandike kwenye sufuria nyeusi ile namba aliyoihesabu. Mikono yangu niliikalia.

Siku ya kurudi Kaloleni, Mama Awino alinitaka niende nao. Mwalimu alisema tena, "Andika tatu." Awino alinitazama. Niliitazama sakafu. Kisha nikasikia penseli inakwaruza.

Tatu yake ilikuwa imegeuka, tumbo upande wa kushoto. Mwalimu aliinua karatasi.

"Hii imeangalia nyuma," akasema. "Lakini hii ni yake." Akaandika jina la Awino kwenye orodha. Mama Awino alijifuta uso kwa leso, tukatoka nje. "Na hiyo tatu ni mbaya kweli," akasema.

Nilikaa chekechea miaka mitano baada ya hapo. Sasa wanataka wenye cheti cha ualimu, na mimi sina. Sina kinyongo, watoto wanastahili waliosoma. Nimerudi Usenge, kando ya ziwa, kwa shangazi, tunaanika omena. Ila nikiona mtoto ufukweni akiokota kombe, bado natazama anavyobana.

Wadada mnaoingia, wazazi watawadai kitabu kizuri. Mtaona aibu, nanyi mtanyoosha mkono kuufunika wa mtoto. Urudisheni. Kisha niandikieni mniambie mtoto alifanya nini alipoachwa aandike mwenyewe. Msimpe mtu mwenye mwandiko mzuri awaandikie. Hata mimi sikumpa.