Wiki Tuliyofungua Propela ya Pikapu

Grisi iliyozeeka ina harufu yake, nzito na chungu kidogo, na ikichanganyika na mafuta ya taa na udongo mwekundu ulionyeshewa asubuhi, hunirudisha moja kwa moja kwenye ua wetu, nje kidogo ya mji wa Machakos, mwaka nilipokuwa na umri wa miaka kumi na mmoja. Mvua za vuli zilikuwa zimenyesha vizuri, mahindi yalikuwa yamefika magotini, na shule zilikuwa zimefungwa. Nyumbani tulikuwa wawili tu, mimi na baba. Mama, niliyemwita mwaitu kwa Kikamba, alishona nguo katika kiwanda kimoja kule Athi River na alikaa huko huko, katika chumba cha kupanga na wanawake wenzake. Mwanzoni alikuja kila Jumamosi. Baadaye akawa anakuja mwisho wa mwezi. Mwaka huo, tangu mwezi wa Septemba, hakuwa amekuja hata mara moja, na kwenye simu maneno yake yalikuwa yamekuwa machache, kama ya mtu anayeongea huku ameshika mlango.

Baba naye hakuwa mtu wa maneno. Alikuwa na pikapu kuukuu ya buluu, akiwabebea wakulima mboga na matunda hadi soko la Tala. Aliondoka kabla sijaamka, akarudi jua likielekea kuzama, akaniuliza kama kuku wamekula. Mchana nilikula isyo ya jana, mahindi na maharagwe yaliyopoa, nikiwa nimesimama karibu na jiko. Nilikuwa nimegundua kwamba nikiketi mezani peke yangu, viti vile viwili vingine vilinitazama. Nilimwongelesha mbuzi. Nilihesabu mabati ya paa la jirani. Mtu akiniuliza leo upweke ni nini, sifikirii usiku wala giza. Nafikiria saa nane ya mchana, jua kali, na redio inayosoma matangazo ya vifo vya watu nisiowajua.

Kisha pikapu ikaanza kutetemeka. Ilipopanda mlima ilitoa mlio mzito kutoka tumboni, na ilipoongeza mwendo kiti kizima kilitikisika. Baba aliingia chini, akaushika ule mtaimbo mrefu unaopeleka nguvu ya injini kwenye magurudumu ya nyuma, unaoitwa propela, akautikisa kwa mkono. Ulicheza kama jino bovu. Beringi ya katikati ilikuwa imekwisha, na joini zake zenye umbo la msalaba zilikuwa zimelika. Fundi wetu alikuwa ameenda kwao kwa mazishi. Baba akarudi kutoka mjini na vipuri ndani ya mfuko wa karatasi, akatandaza magunia ya katani chini ya gari, akaniita. "Mwende, njoo. Niko na mikono mikubwa sana kwa kazi hii."

Siku tatu zilizofuata nilikuwa na baba kuliko nilivyowahi kuwa naye. Tulilala chali bega kwa bega, vumbi la kutu likituingia machoni. Kabla ya kuitenganisha propela, alichora mistari ya chaki kukatisha pale vipande viwili vinapoungana, ili virudi vilivyokuwa. "Mistari hii ikipotea, tumepotea sisi," alisema. Kazi yangu ilikuwa ile iliyohitaji vidole vyembamba. Ndani ya kila kikombe cha joini mpya mlikuwa na visindano vya chuma, vyembamba kuliko njiti za kiberiti, ambavyo lazima visimame kwenye grisi vikizunguka ukingo. Kimoja kikianguka, kikombe hakiingii. Nilivisimamisha kimoja kimoja huku baba akipumua taratibu kando yangu, na kila nilipomaliza kikombe alisema, "Haya," neno moja tu, nami nikajisikia kama niliyeshinda mashindano ya wilaya.

Siku ya pili, tukinywa chai ukingoni mwa mtaro, akasema bila kunitazama, "Ikimalizika nitaenda Athi River nimwone mama yako. Wewe utakaa kwa shangazi siku mbili tatu."

Siku mbili tatu. Mama naye aliondoka kwa maneno mepesi kama hayo. Baba alipokwenda kutafuta mbao ya kuegemezea jeki, nilichukua kitambaa, nikakichovya katika mafuta ya taa, nikaifuta ile mistari ya chaki, upande huu na upande ule, mpaka chuma kikang'aa. Aliporudi, nilisema nimesafisha. Aliinama akatazama kwa muda mrefu. "Aiya," alisema polepole, kisha akakisia, akaunganisha.

Kesho yake alilijaribu gari barabarani. Nilisimama langoni nikalisikia likirudi, likitetemeka kuliko zamani. Baba alishuka, akaketi kwenye ngazi ya mlango, akafunika uso kwa viganja vyeusi vya grisi. Sikuwahi kumwona hivyo. Nilikuwa nimetaka abaki, na sasa alikuwa amebaki, na sikuweza kumtazama.

"Nilifuta kwa makusudi," nilisema.

Aliondoa mikono usoni. "Kwa nini?"

"Ukienda hutarudi. Mwaitu alisema atakuwa akija kila Jumamosi."

Nilingoja kofi. Hakunipiga. Aliwatazama kuku wakipita kati yetu, kisha akauliza kwa sauti ya chini, "Wewe hushinda hapa ukifanya nini, mchana kutwa?" Hakuna aliyewahi kuniuliza. Nikamweleza, habari ya mbuzi, ya mabati, ya viti. Alisikiliza yote. Alipoinuka alisema, "Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Ingia chini." Akanionyesha jinsi masikio ya joini yanavyotakiwa kuelekea upande mmoja, la sivyo kila moja linavuta kwake. Tulifungua, tukageuza, tukafunga tena. Ijumaa asubuhi pikapu ilitembea kimya, nami nilikuwa nimeketi mbele, nimevaa gauni la kanisani.

Kazi ilipoisha kule Athi River, wanawake walitoka lango la kiwanda kwa mamia, wakiwa na vitambaa kichwani. Mama alituona akasimama. Baba alishuka, wakaongea kando ya ukuta. Kupitia kioo niliona mama akitikisa kichwa, na baba akiangalia viatu vyake. Kisha mama akaja, akaniingiza kifuani pake. Alinukia kitambaa kipya. "Umekuwa mrefu," alisema. Hakurudi nasi. Alikuja Krismasi kwa siku mbili, na baada ya hapo akaja kama mgeni anavyokuja, na vitu mkononi, hadi alipoacha kabisa. Lakini tangu wiki ile baba hakuniacha tena nyumbani wakati wa likizo. Nilienda naye Tala, nikakaa juu ya magunia ya kabichi, na jioni tulikula mezani.

Sasa naishi Syokimau, ghorofa ya nne. Gari langu likigonga, naliacha gereji asubuhi na kuletewa ujumbe kwenye simu kwamba liko tayari. Sijui mikono iliyolishika. Mwaka jana nilimleta baba akae nami, kwa kuwa amezeeka na macho yanamsumbua. Niliondoka alfajiri, nikarudi ameshalala kwenye kochi. Siku ya tisa aliniomba nimrudishe kwake, nami nikamrudisha bila kumuuliza alikuwa akishindaje. Wiki iliyofuata, kwenye ngazi, jirani wa mlango unaotazamana na wangu aliniuliza kama yule mzee mpangaji mpya amehama, maana walikuwa wakiota jua pamoja na sasa hamwoni. Nikamwambia ni baba yangu. Alishangaa, akaomba radhi, akanipa salamu nimfikishie. Nilipotaka kumuuliza niseme zimetoka kwa nani, niliona haya. Tumeishi mlango kwa mlango miaka sita.