Fundi wa Theluji wa Sydenham

Theluji nimeiona mara moja tu, nikiwa ndani ya gari kwenye barabara ya kwenda Johannesburg, na ilikuwa mbali, juu ya milima. Sikuigusa. Lakini mwaka jana, kwa majuma kadhaa, nilikuwa mshauri mkuu wa familia yetu katika mambo ya theluji, na ushauri wangu ulikaribia kumuua kaka yangu.

Kazi yangu ni betri. Miaka ile umeme ulipokuwa ukikatwa kwa ratiba, nilitoka kwangu Sydenham, hapa Durban, kila asubuhi kwenda Westville na Queensburgh kufunga betri na inveta kwenye magereji ya watu. Kila mteja nilimwachia wosia uleule: joto ndilo adui, betri inataka mahali pa baridi. Katika joto la Durban ya Februari huhitaji kufafanua. Mahali pa baridi ni pale jua lisipofika, kwenye sakafu ya saruji, pale mbwa wa nyumba anapochagua kulala mchana. Wateja walijibu "sharp", yaani sawa, nami nikaenda zangu. Nimeyarudia maneno hayo mpaka yananitoka kama amina.

Kaka yangu mkubwa namwita Yaya. Kwetu Bukavu yaya si mlezi wa watoto, ni yule aliyekutangulia kuzaliwa, na huyu wangu hajawahi kunisahaulisha kwamba alinitangulia. Alipata bahati ya kupelekwa Kanada pamoja na mkewe, na sisi tuliobaki tulimwonea wivu mpaka alipoanza kutuma picha za gari lake likiwa limezikwa. Mwaka juzi moyo wake ulimsumbua. Alilazwa, akatoka na dawa na katazo moja: asishike tena beleshi la theluji. Daktari alimweleza kwamba kuinua mzigo ule kwenye baridi kali kunaweza kuumaliza moyo kama wake, hasa ukiwa na mwenyewe anayejiona bado kijana. Yaya ana miaka sitini na miwili na anajiona bado kijana.

Mabinti zake wameolewa mbali. Shemeji ana mgongo mbovu. Na theluji ya mlangoni, kwa sheria ya mji wao, ni ya mwenye mlango. Basi akanipigia simu mimi, petit wake, mdogo wake.

"Petit, iko mashine ya betri ya kurusha theluji. Jirani anasema ni kitu ya watoto kuchezea. Ya essence, ya petroli, iko na nguvu, lakini ile ya jirani inataka kuvuta kamba ndiyo iwake, na docteur hataki nivute kitu. Wewe ni mtu wa betri. Inafaa ao haifai?"

Mtu mwenye akili angesema sijui. Lakini Yaya hakuwa amewahi kuniomba ushauri tangu nizaliwe. Nikamwambia anipe siku mbili.

Siku hizo mbili nilizimaliza kwenye karakana yangu, kifua wazi, feni ikinipulizia hewa ya moto, nikitazama video za wanaume waliovaa kama magodoro. Nilijifunza kwamba theluji kavu hurushwa kama pumba na theluji mbichi ni nzito kama udongo wa mfinyanzi. Nilijifunza kwamba betri hukupa nusu saa hivi, pengine pungufu, na kwamba mashine ndogo hugugumia ikikutana na ule ukuta wa theluji ambao greda la manispaa huuacha mdomoni mwa njia ya gari. Kuna jioni nilijikuta nabishana kwa sauti na mzungu wa kwenye simu kuhusu aina za theluji, mimi ambaye hata friji yangu haigandishi vizuri.

Siku ya tatu nikatoa hukumu, na kwa kweli ilikuwa hukumu nzuri.

"Inafaa, Yaya. Njia yako ni fupi, haizidi urefu wa magari mawili. Usingoje irundikane. Toka mapema, rusha kidogo, pumzika, rudia. Ule ukuta wa greda ukate polepole, usiuvamie. Na ununue betri mbili."

"Na betri nizitunze aje?"

Hapo mdomo ukajibu wenyewe. "Ziweke mahali pa baridi."

"Pa baridi, unasema?"

"Pa baridi, Yaya. Joto ndilo adui." Nilisema kwa ukali kidogo, maana hakuna kinachoudhi kama mteja anayekuuliza swali mara mbili.

"Sawa, docteur wa betri," akasema, na nilisikia karatasi. Alikuwa anaandika.

Heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi. Mama alitufundisha sote wawili, na mimi nilidhani ni habari ya watukanaji.

Theluji kubwa ilipoanguka, mimi nilikuwa Westville, saa saba mchana, nimelala chali chini ya rafu kwenye gereji ya mama mmoja, jasho likiniingia machoni. Shemeji alipiga. Kwao ilikuwa asubuhi. Alisema Yaya ameanguka. Alikuwa amelaza betri zote mbili kwenye kibanda cha nje, kwenye baridi inayogandisha maji ndooni mpaka chini. Betri ikiganda hivyo hupoteza nguvu: ya kwanza ilifanya kazi dakika chache ikazimika. Ya pili haikumaliza hata hizo. Njia ilikuwa nusu, gari haliwezi kutoka, na jirani mwenye mashine ya petroli alikuwa dirishani anatazama. Yaya akachukua beleshi. Huyohuyo jirani ndiye aliyemkuta ameketi kwenye theluji, mkono kifuani, akaita gari la wagonjwa.

"Nilimwambia azilete ndani," shemeji alisema. "Akakataa. Eti petit amesema ni pa baridi, na petit ni fundi."

Nilijivuta kutoka chini ya rafu nikaketi sakafuni. Mama mwenye nyumba alikuja mbio akaniuliza kama nimepigwa na shoti. Nilimjibu ndiyo, ilikuwa rahisi kuliko kueleza.

Siku tatu sikujua kama atapona. Kanisani Jumapili waliniombea nitiwe nguvu, nami sikuwaambia ni kwa sababu gani sizistahili. Niliogopa kifo chake, bila shaka, lakini kilichoninyima chakula ni kingine: mtu ambaye maisha yake yote alinibishia kila neno angekufa kwa kunitii mara moja.

Siku ya nne alipiga mwenyewe, sauti nyembamba, kutoka kitandani hospitalini.

"Petit."

"Yaya."

"Mahali pa baridi." Akavuta pumzi. "Nilitaka tu kuuliza. Baridi ya nani?"

Nililia. Yeye alicheka mpaka nikasikia muuguzi akimkemea. Kisha akasema alipokuwa anaandika ile karatasi alijua moyoni kwamba haiwezekani, ila aliona aibu kumwambia mdogo wake amekosea siku ya kwanza alipomuuliza kitu. Sijui kama nilistahili heshima hiyo. Najua kwamba sasa wateja nawaambia "mahali pa kivuli", na mmoja wa Queensburgh ameuliza kama bei itapungua kwa kuwa masharti yamepungua.

Betri zake siku hizi zinalala chumbani. Shemeji huzifunika kitenge na kuziita "wageni wa petit". Beleshi, Yaya alimpa jirani. Mwenyewe haruhusiwi kuinua kitu, ila daktari amekubali atembee polepole nyuma ya mashine.

Basi ikianguka theluji hunipigia, saa saba ya mchana wangu, anatia simu mfukoni mwa koti na kuwasha. Mimi nakaa kwenye gereji ya mtu, jasho linanitiririka, simu sikioni, nasikiliza ule mlio. Watu wakiniuliza kama mashine ya betri inafaa nyumbani, hawapati hotuba tena. Inafaa kadiri inavyolia, kwa sababu ikilia mikono ya Yaya iko kwenye mpini wa mashine na si kwenye beleshi. Halafu inazimika, na mimi siwezi kupumua mpaka nisikie mkono ukipapasa koti na sauti yake ikikaribia: "Ya pili, petit. Naweka ya pili."