Jina Nililompa Mtoto wa Banasema

Siku Banasema alipojifungua jikoni kwetu, mwanangu, naikumbuka kuliko siku ya komunyo yangu ya kwanza, na Mungu anisamehe. Nilikuwa msichana wa miaka kumi na tisa, hapa hapa Butembo, na vita vilikuwa vimeshazoea njia ya kwetu. Askari wa kundi hili wakitoka, wa kundi lile wanaingia. Wote walichukia mbwa, kwa kuwa mbwa hubweka na kuwatangaza, basi waliwapiga risasi mtaa kwa mtaa. Mlimani kwetu mbwa walikuwa wa kuhesabu. Ndipo Banasema akazaa saba asubuhi moja, juu ya gunia la kahawa kando ya mafiga, na wote saba wakanyonya.

Usicheke. Ng'ombe hatukuwa naye, gari hatukuwa nalo, lakini tulikuwa na watoto saba wa mbwa, na mimi nilitembea mtaani kichwa juu kama binti wa chifu. Mama alimpikia mzazi uji wa mahindi wenye ndagala, vile visamaki vikavu. Majirani walikuja baada ya misa kutoa pongezi, huyu na ndizi, huyu na mfupa.

"Mulizala bangapi?" walimuuliza mama, utadhani ni yeye aliyelala juu ya gunia.

"Saba," mama alijibu bila aibu, "na bote bako bazima."

Sasa, unajua kwetu jina la mbwa si la mbwa peke yake. Mtu mwenye neno moyoni asiloweza kumwambia mwenzake uso kwa uso, hulitia katika jina la mbwa, akaliita kila asubuhi uani mpaka mwenzake alisikie. Baba alipojenga nyumba yetu kwenye mteremko mkali, watu walimcheka kwamba mvua ya kwanza itaibeba. Hakugombana na mtu. Alimwita mbwa wake Banasema, yaani wanasema tu, na nyumba ikasimama.

Katika waliokuja kuwatazama watoto alikuwemo Mama Kavira, jirani yetu wa upande wa chini, tuliyetengana naye kwa ua wa matete. Mume wake alikuwa amekwama Mangina, njia ikiwa imefungwa, na nyumbani kwake walikuwa wamefika ndugu kutoka Alimbongo, wanawake na watoto waliokimbia mapigano. Aliangalia lile bakuli la uji, akasema, "Imbwa zinakula ndagala, na batu banalala njaa. Kweli vita inaharibu akili." Akaondoka.

Nilichemka. Kiburi changu kilikuwa kikubwa kuliko miaka yangu. Watoto walipofumbua macho na kuanza kutembea, baba aliniruhusu nimpe jina yule mkubwa wao, wa rangi ya kahawia mwenye kifua cheupe. Nikamwita Chunga Yako. Kila asubuhi nilisimama karibu na matete na kuliita jina hilo kwa sauti, ili Mama Kavira ajue kwamba ya kwetu hayamhusu.

Hata mchana mmoja nikamwona Mama Kavira akija langoni kwetu na beseni. Nilimwona, mwanangu, na hilo ndilo linaloniuma mpaka leo. Nilidhani amekuja kutusema tena, nikapaza sauti: "Chunga Yako! Kuya kula, Chunga Yako!"

Alisimama. Kisha akaligeuza beseni, akalibana kwapani, akarudi alikotoka. Lilipogeuka ndipo nilipoona kwamba halikuwa na kitu.

Baba alikuwa barazani akitia mpini kwenye jembe. Aliniita.

"Masika, umeona ile basani ilikuwa na nini?"

"Haikuwa na kitu, papa."

"Donc alikuya kuomba."

Nikajitetea, maana kijana hakosi la kusema. "Mais papa, weye pia uliita mama yake Banasema."

Baba aliweka jembe chini. "Mimi nilijibu batu benye walikuwa banaseka nyumba yangu, na walikuwa bameshiba. Weye umejibu mutu mwenye njaa. Ile hapana jibu. Ile ni kofi."

Hakunipiga. Heri angenipiga. Aliingia ndani, akatoka na maharagwe tuliyoweka kwa mbegu, beseni tele. "Utabeba hii kichwani na mutoto ya imbwa mukononi. Utasema jina yake mbele ya Mama Kavira, kisha utamuomba aipe ingine. Hapana kutuma mutu."

Walisema wahenga, heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi. Kidole changu kingepona kabla sijamaliza kuuzunguka ule ua. Nilikuta wanawake wa Alimbongo wakichambua mboga za lengalenga, na mafigani hakuna moto. Nikapiga magoti.

Mama Kavira alimtazama mbwa. "Iko na jina?"

"Iko nayo. Chunga Yako."

"Ni mimi ulikuwa unaambia?"

"Ni weye, mama. Nilikukosea."

Aliwatazama watoto wa wageni wake, kisha beseni. Nami niliona yote yaliyoweza kutokea. Angenifukuza, tungeishi maadui katika mji ambao hujui kesho utakimbilia kwa nani, na watoto wale wangelala tena bila kula kwa sababu yangu.

Mwishowe alilipokea beseni, akapuliza moto. "Jina ya imbwa haipatikane na tumbo mutupu," alisema. "Ikala."

Nilikaa. Tulichambua maharagwe, tukayapika, watoto wakala kwanza, kisha sisi. Kijiko alinitia mkononi mwenyewe. Mbwa alilamba sufuria mpaka ikang'aa. Ndipo Mama Kavira akamnyanyua, akamkagua miguu kama mnunuzi sokoni, akasema, "Itaitwa Tulikula."

Nikamwachia mbwa awe wake. Kesho yake nilikuwa nafagia uani niliposikia ng'ambo ya matete: "Tulikula! Kuya, Tulikula!" Mteremko wote ulisikia. Siku zile habari za asubuhi zilikuwa nani amekufa, nani amekimbia, na mama yule alitangaza kila siku kwamba tulikula. Nililia kwa furaha, na ufagio mkononi. Sina diploma ya kukuonyesha, mwanangu, lakini mbwa wa nyumba yetu alibeba jina lile vita vyote, nami najivunia kwamba nilimpeleka kwa miguu yangu.

Nimesikia kwamba huko kwako Bungulu mbwa wako amezaa, na kwamba umekosana na jirani na unatafuta jina la kumchoma. Furahia watoto wako, wapikie uji, wape watu wawaone. Lakini kabla hujamjibu aliyekuudhi, tazama amebeba nini mkononi. Chombo kikiwa kitupu, kijaze kwanza, kwa sababu ugomvi unaweza kusubiri na njaa haisubiri. Na ukishakosa, nenda mwenyewe ukalitaje kosa lako.

Mungu awakuze mbwa wako, wabweke na wazeeke. Aibariki sufuria yako. Na siku wewe utakaposhika njia na beseni tupu, maana amani yetu bado changa, akufikishe mpaka ndani.